Mama Mapacha na Maneno Yenye Ndugu Wengi

Uvumi ulianzia bombani, pale waosha mabasi wanapojazia ndoo zao. Hakuna aliyejua nani aliuanzisha. Lakini asubuhi ile ya Jumatatu kila mtu alikuwa nao mdomoni.

"Mmesikia? Mwosha mabasi atakayejaribu ule mtihani wa udereva akashindwa, anaondoka na ndoo yake."

"Anaondoka kwenda wapi?"

"Kwao! Kwani wapi tena?"

Mama Mapacha alikuwa akikamua kitambaa. Kikamponyoka.

Alikuwa ameosha mabasi katika yadi ile kwa miaka tisa. Alilijua kila basi kwa mikwaruzo yake. Na katika miaka yote hiyo, kila alipofuta usukani, alikalia kiti cha dereva kidogo. Kidogo tu. Ukimwona utadhani anafuta, kumbe moyoni anaendesha.

Sasa kampuni ilikuwa imeleta mabasi mapya sita. Tangazo likabandikwa mlangoni mwa ofisi. Mfanyakazi yeyote wa yadi anayetaka kufundishwa udereva ajiandikishe kwa karani kabla ya Ijumaa. Baada ya wiki mbili kutakuwa na mtihani. Mtu atapewa karatasi ya maelekezo ya basi jipya kwa Kiingereza. Ataisoma, kisha atafanya inavyosema.

Kiingereza! Mama Mapacha aliishia shule ya msingi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, na hata hayo maji angepewa nusu kikombe.

Siku nzima alijaribu kuutupa ule uvumi. Akaosha dirisha, ukaja. Akafuta viti, ukaja. Akajiambia, lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.

Jioni alimkuta mumewe kwenye cherehani, kwenye chumba cha mbele. Mapacha wao, wasichana wa miaka kumi, walikuwa sakafuni wakiokota vipande vya nguo.

"Baba Mapacha, mimi sijiandikishi."

"Nani kakuroga?"

"Hicho Kiingereza nitakitoa wapi?"

Mumewe akaondoa mguu kwenye cherehani. "Mke wangu, jikaze kisabuni. Siku zipo. Tutajifunza humu humu ndani. Fundi mimi nipo."

Mama Mapacha hakumwambia habari ya ndoo. Aliona haya. Mwenzio anapokuwa na imani nawe, ni vigumu kumwambia una hofu.

Basi fundi akaanza kazi. Yeye aliamini kwamba kitu kisichoshonwa hupotea. Mapacha walifungua kamusi yao ya shule, ndogo, iliyochanika jalada. Wakatafuta maneno ya magari na maneno ya kufundisha. Kila neno waliandika maana ya kwanza waliyoiona, wakaacha zilizobaki. Waliandika kwenye kipande cha kitambaa, na baba akakishona mahali. "Coach" ni basi kubwa: kikashonwa kwenye pazia. "Trainer" ni mkufunzi: kwenye mto. "Train" ni treni: kwenye mgongo wa shati lake mwenyewe, ili mkewe alisome kila anapoinama kushona.

Neno moja, maana moja, mshono mara mbili.

Kufikia Jumatano nyumba ilikuwa na vitambaa arobaini na tatu. Mama Mapacha alivikariri vyote, toka mlangoni mpaka dirishani, na toka dirishani mpaka mlangoni. Siku hiyo hiyo mumewe akasahau, akatoka kwenda kununua uzi akiwa amevaa lile shati. Alirudi na watoto wanane wa mtaani nyuma yake, wameshikana viuno, wakilia, "Chuku-chuku! Chuku-chuku! Puuu!"

"Wana nini hawa?" akauliza.

"Baba, umeandikwa treni!" mapacha wakamwambia. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kelele hizo zilimleta jirani yao. Huyu alikuwa mama wa makamo, mwalimu katika chuo cha udereva. Watu walimwita Bi Breki. Miaka mingi ya kukaa na wanafunzi garini ilikuwa imemwachia tabia. Ukisema au ukifanya jambo kwa pupa mbele yake, mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu wenyewe.

Bi Breki akasoma pazia. Akasoma mto. Akageuza shati la fundi.

"Shemeji, umeshona kamusi nzima!"

"Nusu tu, shemeji. Uzi uliniishia."

"Na wewe mdogo wangu, umeyajua yote?"

"Yote, dada. Niulize lolote."

Bi Breki akaandika mstari mmoja kwenye karatasi, akampa. Uliandikwa hivi: "Our coach will train you in the coach."

Mama Mapacha akasoma polepole. "Letu... basi... treni... wewe... ndani ya basi." Akajaribu tena. "Basi letu litakupandisha treni ndani ya basi?"

Mguu wa Bi Breki ukakanyaga, paa!

"Basi limeingia ndani ya basi!" akapiga kelele pacha mkubwa.

"Na treni imeingia humo humo!" akaongeza pacha mdogo. "Abiria watakaa wapi?"

"Nyamazeni nyie," akasema Bi Breki, ingawa naye alikuwa akijizuia kucheka. "Mdogo wangu, mimi ni nani kwako?"

"Dada yangu. Jirani."

"Kwa mumeo?"

"Shemeji."

"Na kule chuoni?"

"Mwalimu."

"Kwa wanangu?"

"Mama."

"Sura yangu imebadilika hata mara moja?"

"Haijabadilika."

"Sasa mtu anajuaje aniite nani?"

Mama Mapacha akafikiri. "Anaangalia uko na nani. Na mnafanya nini."

"Na neno ni hivyo hivyo. Lina ndugu wengi. Usiliulize likiwa peke yake. Tazama limekaa na nani. Huyu 'coach' wa kwanza atakufundisha. Basi linafundisha?"

"Halifundishi."

"Basi huyo ni mtu. Ni mwalimu wako. Na hii 'coach' ya pili, mnaingia ndani yake. Mtaingia ndani ya mwalimu?"

"Mungu apishe mbali!"

"Kwa hiyo hilo ndilo basi. Na 'train' hapa ni kitendo. Ni kufundisha, si treni. Sasa soma."

Mama Mapacha akairudia karatasi. "Mwalimu wetu... atakufundisha... ndani ya basi."

Mapacha wakapiga makofi.

"Kiingereza kina fujo," akanung'unika fundi.

"Na Kiswahili je? Paa ni nini?"

"La nyumba!" akasema pacha mkubwa.

"Mnyama mwenye mbio!" akasema pacha mdogo.

"Ndege inavyoruka juu," akasema fundi.

"Na kumpaa samaki magamba," akamalizia Mama Mapacha.

"Mmeona? Hamjachanganyikiwa hata kidogo, kwa sababu mmeyazoea."

Fundi akakuna kichwa. "Subiri, shemeji. Hilo neno 'train' niliwahi kuliona kwenye mchoro wa gauni la harusi. Liliandikwa kwenye ule mkia unaoburuta chini."

"Ndilo hilo hilo. Mkia wa gauni nao huitwa hivyo."

"Kumbe nimeshashona treni kwa mikono yangu, wala sikujua!" Akatembea chumbani kifua mbele.

Wote walicheka, isipokuwa Mama Mapacha. Bado alikuwa ameishika ile karatasi.

"Dada, kama neno moja lina ndugu wote hao, nitawajua lini? Na nikikosa mmoja tu, naondoka na ndoo yangu."

"Ndoo gani?"

Hapo ndipo alipoutoa ule uvumi, wote. Mumewe akaacha kutembea.

"Nani kakuambia?" akauliza Bi Breki.

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Huyo Watu Tu hana ofisi, mdogo wangu. Mwenye tangazo anayo. Kesho kamuulize."

Alhamisi, saa ya mapumziko, Mama Mapacha alifuta mikono kwenye aproni. Akaingia kwa karani.

"Shikamoo, mama," karani akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nina swali. Mtu akijaribu akashindwa, anafukuzwa?"

Karani akalitoa tangazo kwenye faili, akamsomea mstari wa mwisho, kidole kikifuata maneno. "Atakayeshindwa ataendelea na kazi yake ya sasa, na ataruhusiwa kujaribu tena baada ya miezi mitatu."

"Hakuna mahali palipoandikwa ndoo?"

"Ndoo?"

"Acha tu, mwanangu. Nipe kalamu."

Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akabonyeza mpaka karatasi ya chini ikapata alama. Alipotoka alijiona mwepesi. Siku nne alikuwa amebeba mzigo usio wake.

Jioni ile mumewe alishika wembe, akafumua vitambaa vyote. Bi Breki akaanza kuja kila siku baada ya kazi. Hawakukariri tena. Walisoma sentensi nzima nzima, na kila sentensi waliitenda. Ikisema fungua, Mama Mapacha alifungua. Ikisema kagua, alikagua, hata kama ni magurudumu ya baiskeli ya mumewe. Akikwama, alitazama majirani wa lile neno. Akikwama tena, alifungua kamusi, akasoma maana zote mpaka ya mwisho. Na akibahatisha, mguu wa Bi Breki ulikanyaga.

"Dada, utatoboa sakafu."

"Wewe ndiye unayeitoboa. Acha kukisia."

Siku ya mtihani walifika watu kumi na wawili. Mmoja wao alikuwa kondakta aliyeitwa Kamusi. Alijipa jina hilo mwenyewe.

"Shangazi, umekuja kutuoshea viti?" akamtania.

"Nimekuja kukalia kimoja," akajibu Mama Mapacha. Watu wakacheka.

Mkaguzi wa mtihani alimwita Mama Mapacha wa kwanza, wengine wakaambiwa wangoje nyuma ya ofisi. Basi jipya lilikuwa uani, na pembeni yake mpira wa maji. Mama Mapacha akapewa karatasi. Mstari wa kwanza ulimwambia akague magurudumu. Akayakagua. Wa pili ulimwambia afungue mfuniko wa injini. Akaufungua. Ndani kulikuwa na vumbi.

Mikono ikamwasha. Mabasi ya zamani yote walikuwa wakiyafungua kila Jumamosi na kuyamwagia maji mpaka kwenye injini. Hiyo ilikuwa desturi ya yadi. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshaokota mpira wakati jicho linasoma mstari wa tatu: "Do not train the hose on the engine."

Usi-. Mpira wa maji. Injini. Hayo aliyajua. Lakini "train"? Treni haikai hapa. Kufundisha? Mpira wa maji haufundishiki. Mkia wa gauni? Hata kidogo.

Angeweza kuuruka mstari huo. Hakuna ambaye angejua. Angeosha kama alivyoosha miaka tisa.

Akauweka mpira chini.

"Samahani, mkaguzi. Hapa kuna neno ninalolijua kwa maana tatu, na hakuna hata moja inayokaa. Sitaki kubahatisha. Kuuliza kunaruhusiwa?"

Mkaguzi akavua miwani. "Karatasi imekataza?"

"Haikukataza."

"Basi uliza."

"Hili 'train' hapa maana yake nini?"

"Ni kuelekeza. Usielekeze mpira wa maji kwenye injini. Mabasi haya yana nyaya na vifaa vya umeme pale. Maji yakiingia, basi linaweza kuzimika njiani na watu wamo ndani."

"Mungu wangu! Na sisi Jumamosi tunaziogesha!"

"Ndiyo maana mstari huo upo," akasema mkaguzi, akaanza kuandika.

"Nimeshindwa, sivyo?"

"Mama, dereva ninayemtafuta ni yule anayesimama asipojua. Anayebahatisha, anabahatisha na roho za watu. Umefaulu."

Mama Mapacha alitaka kusema asante. Badala yake akapiga kigelegele, uani pale pale, na waosha mabasi wote wakaitikia.

Kamusi alifuata. Alipofika mstari wa tatu alicheka. "Treni na injini! Hii ni habari ya reli, wamekosea karatasi." Akauruka. Akashika mpira, akaulenga ndani, akafungua. Fyuuu! Ukatoka upepo mtupu.

"Maji nimeyafunga, kaka," akasema mkaguzi. "Rudi baada ya miezi mitatu."

Akarudi kwenye kazi yake ya ukondakta, hakuna aliyemgusa. Siku ya tatu akaja kwa Mama Mapacha na daftari chini ya kwapa. "Shangazi, huyo mwalimu wako anakaa wapi?" Alifaulu mara ya pili.

Mafunzo yalichukua miezi mitano, na leseni ikapatikana. Tangu hapo hakuna injini ya basi jipya inayomwagiwa maji katika yadi ile. Maelekezo yametafsiriwa na kubandikwa ukutani, kila mtu asome.

Asubuhi ya safari yake ya kwanza, Mama Mapacha alirekebisha kiti, akarekebisha vioo, akafunga mkanda. Mumewe alikaa kiti cha nyuma yake, amevaa shati jipya lisilo na maandishi. Mapacha walipita kiti kwa kiti.

"Dereva ni mama yetu."

"Nimesikia, wanangu," akasema mzee mmoja. "Hii ni mara ya nne."

"Ni mama yetu sote wawili, babu. Kwa hiyo bado zimebaki nne."

Basi likatoka getini taratibu, likaingia barabarani.

Wewe unayesoma, haya yaepuke:

Usibebe uvumi siku nne. Nenda siku ile ile kwa mwenye habari, umwombe akusomee palipoandikwa.

Usikariri neno likiwa peke yake.

Usichukue maana ya kwanza ya kamusi ukafunga kitabu.

Usiruke mstari usiouelewa, hasa kama ni maelekezo ya mashine, ya dawa, au ya umeme.

Usifanye jambo kwa sababu tu ndivyo mlivyozoea kufanya. Kifaa kipya kina masharti yake.

Usimcheke anayeuliza, hasa akiwa mtoto wako.

Usingoje ujue yote ndipo ujiandikishe.