Usizime Kioo Kikiwa Cheusi

Wako waliokutana kwa kutafutana. Hawa wawili walikutana kwa sababu mjukuu wangu alikosa mahali pa kutua mzigo.

Ilikuwa mchana, kwenye lile jengo la maduka ya simu na maredio, ghorofa ya chini, pale ambapo kila duka limefungulia spika yake na hakuna anayesikia wimbo wa mwenziwe. Mjukuu wangu anaoka keki kwenye duka la keki. Siku hiyo alivaa gauni la kijani lenye mifuko miwili mikubwa, raba nyeupe, na kichwani kilemba cha haraka haraka, cha mtu aliyetoka kwenye joto la tanuri. Ukucha wa kidole gumba una rangi ya waridi, hiyo ni rangi ya kupambia keki, haitoki hata usugue na msasa. Mkononi kabeba kisanduku chetu cha filamu, kile kinachochomekwa kwenye tivii kikavuta picha kutoka kwenye intaneti. Alikuwa anakipeleka kwa fundi mmoja wa ghorofa ya juu, alielekezwa kwake. Simu ikaita. Mteja wa keki, na mteja wa keki hana subira. Akaona meza iko karibu, akatua kisanduku, akageuka kuongea.

Alipogeuka tena, kisanduku kilikuwa wazi, matumbo nje.

"Kaka, nani kakwambia ufungue?"

Kijana aliyekaa nyuma ya meza ile hakuinua hata kichwa. Shati la buluu limenyooshwa pasi mpaka kwenye mikono, kalamu sikioni, miwani imeshuka puani. "Dada yangu, kitu kikiwekwa kwenye meza ya fundi, fundi anafungua. Ungeweka mtoto ningempima homa."

"Mimi nilikuwa nakipeleka juu."

"Wa juu kafunga, kaenda msibani. Kina nini?"

"Kikiwaka kinaleta nembo ya kampuni, basi. Kinaganda hapo hapo. Kilianza juzi, baada ya apdeti."

"Apdeti haikumalizika. Programu yake ya ndani imeandikwa nusu. Sasa hivi ni kama mtu aliyeamshwa ghafla, mguu mmoja umo kwenye suruali, mwingine hajui uko wapi."

Mjukuu wangu akacheka. Wiki nzima alikuwa hajacheka, alikuwa na keki tatu za harusi za watu wengine.

Kijana huyo pale jengoni wanamwita Taratibu. Hana haraka na jambo. Akageuza kisanduku, akanakili namba iliyo kwenye karatasi ya chini, tarakimu moja moja.

"Namba ya nini?" mjukuu akauliza.

"Hivi visanduku vinafanana kama mapacha. Ukikipa hiki programu ya ndugu yake, kinakufa moja kwa moja." Akatafuta programu yenye namba ile ile, akaitia kwenye flashi, akachomeka. Akachukua njiti ya meno, akaiingiza kwenye kitundu kidogo, akabonyeza. "Sasa washa umeme, tuhesabu mpaka kumi. Hesabu na mimi, mimi nikihesabu peke yangu napitiliza."

Wakahesabu. Walipofika kumi kijana akaachia, na kwenye tivii ya dukani mstari ukaanza kutembea. Nusu saa baadaye kisanduku kikawa kizima.

"Nyumbani kitaomba apdeti moja ya mwisho," akamwambia. "Kikubalie. Lakini sikiliza vizuri. Katikati kioo kitakuwa cheusi, dakika kumi, pengine robo saa. Utadhani kimekufa. Hakijafa, kinaandika. Usiguse umeme mpaka kiwake chenyewe. Na ukikwama, nipigie."

"Na nisipokwama?"

"Nipigie vilevile."

Sasa niwaeleze nyumbani kwetu. Tangu bibi yake atutoke tumebaki wawili, mimi na huyu mjukuu. Mchana yeye yuko kazini, mimi niko na kuta. Ndiyo maana alininunulia kisanduku, nyumba iwe na sauti. Napenda filamu za farasi. Hata wasipoongea naelewa.

Na nyumba yetu ina desturi, niliianza mimi wakati nina nywele. Kitu kisichofanya kazi kinazimwa ukutani. Taa isiyo na mtu chini yake, zima. Redio imenyamaza, zima. Huwa sifikirii, mkono unakwenda wenyewe, kama unavyofukuza inzi.

Basi jioni ile mjukuu akakubali apdeti, akaenda kuoga. Mimi napita sebuleni kwenda kuchukua maji, naona tivii kiza. Paa, ukutani. Nikaendelea na safari yangu ya maji.

Alipowasha, nembo. Imeganda.

"Babu, umegusa hiki kisanduku?"

"Sijagusa," nikasema. Na naapa, kichwani mwangu nilikuwa sijagusa kitu chochote siku hiyo.

Akampigia. "Fundi, kimerudia."

"Pole, Bi Keki. Kilete kesho."

"Kwani ulinitengenezea au ulikipapasa?"

"Nilitengeneza. Ila moyoni niliomba kiharibike kidogo."

"Wewe kaka una mdomo."

"Nina na masikio. Nakusikia unatabasamu."

Kesho yake alikwenda, na vipande vya keki kwenye kikopo, zile kingo wanazokata ili keki inyooke. Kijana alikula kingo zote, kisha ndipo akaosha mikono na kushika kazi. Kikapona. Na safari hii apdeti ya mwisho waliiahirisha, kikawa kinatumika hivyo hivyo, na wao wakawa wana simu. Asubuhi simu, saa ya chakula simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je, Taratibu wangu?"

"Neno la mwisho sijalisikia vizuri, mtandao mbovu."

"Mtandao mzima. Masikio yako ndiyo yana tamaa."

Mimi nilikuwa nasikia yote, nyumba yetu ina kuta nyembamba. Nilikuwa nafurahi, na nilikuwa sifurahi.

Mwezi ukapita hivyo, mpaka kisanduku kikagoma kabisa kuonyesha filamu bila apdeti ile. Mjukuu akakubali, akaingia chumbani kupiga pasi. Kioo kikawa cheusi. Mimi napita. Mnajua kilichofuata.

Mara hii alipokwenda dukani kulikuwa na watu, mafundi wenziwe wanne na wateja. Taratibu akakiunganisha na kompyuta, akasoma kumbukumbu iliyo ndani, maana vitu hivi vinaandika habari zao vyenyewe.

"Mpenzi, umeme ulikatwa. Mara zote tatu, na kila mara katikati ya apdeti."

"Hatujakata. Nimemuuliza babu, kasema hajagusa. Babu hasemi uongo."

"Basi ni wewe," akasema, akawatupia wenziwe jicho. "Unakizima makusudi upate sababu ya kuja kuniona."

Duka zima likacheka. Mmoja akapiga meza. Mwingine akasema, "Shemeji, njoo tu, huna haja ya kuua vyombo."

Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa na blauzi nyeupe siku hiyo na hereni ndogo, alikuwa amejiandaa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nasimama kwenye tanuri tangu alfajiri. Nimekuja hapa mara tatu, miguu inaniuma, kwa ajili ya mzee wangu anayeshinda peke yake. Ukaona nafaa kuwachekesha wenzako."

"Nilikuwa natania."

"Nimeona."

Akazoa kisanduku, kifuniko kule, chombo huku, akatoka. Parafujo nne zikabaki mezani.

Baada ya hapo simu ikawa inaita haipokewi. Ujumbe ukaja: "Parafujo zako ninazo." Hakujibu. Mwingine: "Zinakusalimu." Hakujibu. Wa tatu: "Nilikosea, si utani, nilikosea." Aliusoma mara nyingi, nilimwona, lakini hakujibu.

Jumatatu akachomeka simu yake ukutani, akaenda kufua. Aliporudi akaitazama, akaguna. "Babu, umezima tena chaja."

"Nimezima saa ngapi?"

"Kila siku unazima, babu. Mimi huwa nawasha tu."

Akaenda zake kuanika nguo. Mimi nikabaki nimekaa. Nikaitazama swichi ya chaja, nikaitazama ya tivii iliyo pembeni yake, nikautazama mkono wangu. Nikajua.

Ningemwita pale pale. Sikumwita. Nikajisemea, babu mzima, mtu wa miaka yangu: wakipatana, atamchukua. Wakinuniana, binti anabaki, na jioni nitasikia mlango ukifunguliwa na habari za keki za watu. Nilikaa na wazo hilo Jumatatu, Jumanne, Jumatano. 

Alhamisi alikuwa na mapumziko. Simu ikaita, ameipakata mapajani. Akaitazama ikiita mpaka ikakoma. Kisha akaigeuza kuangalia yule kijana ameshapiga mara ngapi leo, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, ule wenye kidole cha rangi ya waridi. Nikainuka, nikavaa koti na viatu vya kutokea.

"Unakwenda wapi na jua hili?"

"Kunyoosha miguu."

Nilinyoosha mpaka jengoni. Niliuliza mara mbili nikaonyeshwa.

"Shikamoo, mzee," kijana akaniambia. Shati ni lile la buluu nililosimuliwa, ila siku hiyo halina pasi.

"Marahaba. Wewe ndiye Taratibu?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ndiye umeme uliokatika."

Akavua miwani. Nikamweleza yote, swichi, mkono, maji niliyokuwa nafuata. Mwenziwe mmoja akadakia, "Mzee, ungewahi. Huyu kwa wiki nzima anatengeneza redio huku haijafunguliwa."

"Kuna jingine," nikasema. "Nimejua tangu Jumatatu, nikanyamaza."

"Kwa nini, babu?"

"Kwa sababu utamchukua."

Hakucheka. Akafuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa. Akachukua flashi, njiti ya meno na parafujo nne ndani ya karatasi, akafunga duka mchana kweupe.

Mjukuu alifungua mlango na aproni, ana unga shavuni. Akatutazama, mmoja, na mwingine.

"Babu, huyu umemtoa wapi?"

"Dukani kwake. Nilikwenda kujishtaki." Nikamwambia yote mbele ya kijana, nimesimama, kofia mkononi.

Akakaa kwenye mkono wa kiti. "Tangu Jumatatu, babu."

"Tangu Jumatatu."

"Ukaniona ninavyokaa, ukanyamaza."

"Niliogopa. Niko hapa sasa."

 Akaja akanivua koti, maana lilikuwa limeloa jasho, akalitundika. Ndiyo jibu alilonipa, na nililielewa.

Kijana naye akakohoa. "Na mimi nina langu. Fundi anatakiwa aulize kwanza: nani yuko nyumbani, nani anapita pale saa ile. Mimi sikuuliza. Nilikufanya kichekesho mbele za watu. Nisamehe."

"Kisanduku hakikuniuma," mjukuu akasema. "Hilo ndilo liliniuma."

"Najua. Mbele ya wale wale nitasema."

"Usiseme tena kitu mbele ya wale. Tengeneza."

Akatengeneza pale mezani, wakahesabu mpaka kumi, huyu akiangalia huku, huyu kule, lakini kwa sauti moja. Apdeti ikaanza. Ikafika katikati, kioo kikawa cheusi. Mimi nikakaa chini nikaikalia mikono yangu yote miwili.

Dakika ya kwanza. Ya tano. Sijawahi kukitazama kitu kilichozimika kwa muda mrefu hivyo.

"Mzee," kijana akasema, macho yake yakiwa kwenye kioo, "nataka kumwoa huyu. Naomba ruhusa yako."

"Usiniombe mimi. Mimi nimeshaharibu ya kutosha. Mwenyewe huyo."

Mjukuu akainuka, akaenda jikoni, akarudisha mlango. Tukatazamana wanaume wawili. Nikaona kijana amepauka mpaka midomo. Kisha mfuko wake ukaanza kutetemeka. Akatoa simu.

"Haloo?"

"Fundi." Nilimsikia mara mbili, kwenye simu na nyuma ya mlango.

"Naam, mpenzi."

"Siwezi kusema mbele ya babu."

"Sema ukiwa huko huko."

"Nakubali. Lakini simwachi mzee wangu nikaenda mbali, hata unijengee ghorofa."

"Mtaa wa pili pana vyumba viwili na jiko. Niliviona jana."

"Jana? Jana tulikuwa hatusemeshani."

"Nilikuwa napita tu."

"Unaona sasa. Na wewe mwongo kama babu."

Kioo kikawaka, kikaleta picha na rangi zake zote, kikakaribisha watu kwa muziki. Kijana alikuwa ameshaelekea jikoni. Nilikitazama mwenyewe.

Walioana baada ya miezi mitatu, wakahamia vile vyumba viwili. Keki ya harusi aliioka mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Jioni hupita kuniona, kila mara mmoja wao, mara nyingi wote. Asubuhi ya kwanza kuamka peke yangu nilichemsha chai, nikaimimina kwenye vikombe viwili kwa mazoea. Nikavitazama. Nikakaa, nikanywa changu, kisha nikanywa na chake.