Baiskeli Zisizo na Wenyewe

Asubuhi za mwezi wa sita, ukungu ulilala chini kwenye barabara za mtaa wa Albert, mjini Élisabethville. Kila siku Floribert alipanda baiskeli kwenda kazini, kwenye karakana ya reli. Njiani alipita uwanja wa Kalaba, na hapo alikanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Kalaba alikuwa na kamioneti, gari la mizigo lenye turubai jeusi nyuma. Alilikodisha. Yeye mwenyewe hakuendesha wala hakubeba mzigo, na bado nyumba yake ilikuwa ya matofali. Ukutani kwake zilining'inia baiskeli tisa. Upepo ulipovuma, magurudumu yalizunguka polepole, na hakuna aliyejua wenyewe wako wapi.

Au tuseme watu walidhani wanajua. Walisema gari lile ni la batumbula, wale wanaoteka watu na kuwanenepesha ili waliwe. Waliokodi waliliwa, baiskeli walizoweka rehani zikabaki. Wengine waliapa kwamba gari likipita, mtu hugonga chini ya turubai: ko, ko, ko. Lisemwalo lipo, lakini mara nyingi halipo pale linaposemwa. Mwenye shida alikodi hivyo hivyo, akageuza uso asione nyuma.

Siku moja habari ikaja kutoka Kipushi. Mama yake Floribert, Mama Adolphine, amevunjika mguu. Ilibidi aletwe hospitali akiwa amelazwa kwenye godoro. Floribert hakupata gari jingine ila la Kalaba, na Kalaba akataka rehani: baiskeli.

"Baba Albertine," mkewe Agnès akamwambia, "kinga yako, hii baiskeli, ikibakia kule, utafika ku kazi namna gani? Na weye mwenyewe, utarudia?"

"Mama eko analala chini, Agnès. Nifanye nini?"

Akaenda kwa jirani yake Kapya, fundi wa magari mwenye leseni, ambaye alimwita yaya, kaka mkubwa, amwombe aendeshe. Kapya akamwuliza:

"Ile kinga nyekundu ya mwisho ku ukuta wa Kalaba, unaiona?"

"Ninaiona kila siku, yaya. Banasema mwenyewe alikuliwa."

"Mwenyewe ni miye."

Floribert alirudi nyuma hatua moja. Kapya akacheka, lakini bila furaha.

"Hakuna mutu alinikula. Nilikodi kabla ya kuhamia huku, nikarudisha. Kalaba akafungua turubai, akanionesha ubao wa chini umevunjika. Akasema ni miye nilivunja. Kinga ikabakia. Nitaambia bantu namna gani? Miye fundi wa motokari, niliogopa kuangalia ndani ya motokari. Nilisikia aibu."

"Basi faida yake inatoka wapi, kama haiko bantu?"

"Sikiliza. Motokari ukiiuzisha, umeiuzisha mara moja tu. Ukiikodisha, unauzisha siku moja, na kesho iko yako tena. Lakini inaomba matairi, kodi na matengenezo, hata siku yenye haitoke. Ndiyo maana bei ya siku ni kubwa. Ile ni faida ya haki. Ingine inatoka kwa mutu anachelewa, ama anarudisha mafuta kidogo. Na ingine inatoka kwa mutu asiyeangalia. Ule ubao ulivunjika zamani. Kila mutu anaulipa upya."

Jumamosi asubuhi walifika kwa Kalaba. Floribert akaomba turubai lifunguliwe kabla ya safari. Kalaba alikunja uso, lakini akakubali. Floribert alilifungua mwenyewe. Ndani palikuwa na giza na harufu ya unyevu. Kapya akapanda, akakanyaga sakafu.

Ko.

Ubao uliovunjika ulikuwa unapiga chuma. Wakaandika karatasi mbili: ubao umevunjika, mlango una mkwaruzo, mafuta nusu ya tangi, gari lirudi saa kumi. Kalaba akatia sahihi, na Floribert pia, kila mtu akabaki na yake.

Kutoka Kipushi ubao uligonga njia nzima. "Nani anagonga?" mama aliuliza. Floribert alijua jibu, na bado alitazama nyuma mara mbili.

Walirudisha gari mapema, na mafuta nusu ya tangi. Kalaba alifungua turubai, akanyoosha kidole kwenye ubao. Floribert akanyoosha karatasi. Baiskeli ikashushwa ukutani.

Kabla ya mvua za kwanza, Mama Adolphine alitembea kwa fimbo. Floribert hakuficha alichojifunza. Watu wakaanza kukagua na kuandika kabla ya kukodi, na Kalaba akabadilisha ubao. Woga ulipopungua, gari likatoka kila siku, na Kalaba akapata faida kubwa kuliko zamani.

Siku moja Floribert alimkuta akifuta kioo cha gari.

"Tata Kalaba, ulijua banasema uko mutumbula. Kwa nini hukukatala?"

Kalaba hakuinua macho. "Mutu wa woga haangalie," akasema. "Sasa ningemuponya woga kwa nini?"

Akaendelea kufuta, taratibu. Floribert alikuwa amewaogopa batumbula tangu utotoni. Siku ile alimwogopa Kalaba.