Mgeni wa Kadi Nyekundu

Kadi nyekundu ya kamera ilikuwa imeshachomolewa, iko mezani kando ya kikombe cha chai, na bado kompyuta ilionyesha picha zake. Mpiga picha akaitazama kadi, akaitazama kompyuta. Kwenye tundu la pili la kompyuta alikuwa ameshachomeka kadi ya buluu, yenye picha za mwisho za mama yake aliyezikwa juzi. Hakuwa na nyingine za mama akicheka. Kompyuta ikakataa katakata kuitambua kadi hiyo.

Nyekundu ilikuwa na picha za nyumba tupu, kazi aliyopewa na dalali.

"Tupu, eh?" Mkewe aliinama nyuma yake. "Na huyo dirishani ni nani?"

"Haki ya Mungu, hakukuwa na mtu."

"Baba Mapacha, mimi si mtoto! Gauni lote lile la kijani hukuliona?"

Loo, kweli alikuwepo, amewapa mgongo. Wakaifunga picha, wakaifungua tena. Sasa shavu lake lilionekana. Wivu ukamwisha mke palepale, akamshika mumewe mkono. Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi, na ni asubuhi, jua kali.

Akaitwa fundi kompyuta wa duka la jirani, mwanamke asiyeficha neno.

"Hii nyekundu uliichomoa bila kuiaga?"

"Nilikuwa na haraka, dada."

"Ndiyo ninyi! Mgeni wa kwanza hajaagwa, wa pili atapokelewaje? Irudishe, bonyeza 'toa', ngoja ruhusa."

Akairudisha, akabonyeza. Kompyuta ikaandika: Kadi inatumika.

"Funga kila kitu."

"Nimefunga."

"Basi nani anaitumia?" Sauti ya fundi ilikuwa imeshuka.

Akabonyeza tena, na tena, na mara ya tatu wakasikia kucha zikikwaruza polepole ndani ya kompyuta, zikitoka upande wa tundu la kwanza na kuelekea la pili, huku ile harufu ya udongo ikizidi hadi fundi akajiziba pua kwa mtandio, kisha kukawa kimya, na kwenye kioo yakatokea maandishi: Sasa unaweza kuitoa.

Mpiga picha akaichomoa. Ilikuwa ya moto.

"Na ya buluu uliitoa kwanza?" fundi akanong'ona.

"Hukuniambia."

Kadi ya buluu ikafunguka yenyewe. Picha zote arobaini zilikuwepo: ua wa nyumbani, kiti cha mama, mapacha wakicheka. Lakini aliyewapakata alikuwa yule wa gauni la kijani, na safari hii uso wake wote uliwaelekea.

"Mama yuko wapi?" mpiga picha akauliza, machozi yakimtoka. "Jamani, mama yangu yuko wapi?"

Mkewe akairudisha nyekundu kwenye tundu lake. Nyumba tupu. Dirishani alisimama mama mkwe wake, viganja vyote viwili vimekandamiza kioo cha dirisha. Hakuwa akicheka.

Mlango wa uani ukagongwa, na sauti za mapacha zikaingia kwa furaha.

"Baba! Njoo umwone bibi! Amerudi, amevaa gauni la kijani!"