Sakafu ya Sebuleni Haina Doa

"Kaka, ukimwaga hayo utaondoa doa, na sakafu nayo utaiondoa."

Sylvesta aligeuka. Ilikuwa siku ya gulio, soko la Kasulu limefurika, watu wanapishana na mikungu ya ndizi vichwani, naye amesimama katikati ya njia akiwa na chupa ya maji ya betri mkono mmoja na brashi mkono wa pili. Aliyesema alikuwa dada mwembamba, gauni la kitenge cha kijani, kitambaa cheupe kichwani, na ndani ya kikapu chake brashi mpya sita za kusugulia.

"Umejuaje kama nina doa?" akamuuliza.

"Mwenye gari hanunui maji ya betri pamoja na brashi."

Hapo Sylvesta akacheka, akakiri. Yeye alikuwa msimamizi wa nyumba ya wageni ya misheni pale mjini, kijana wa miaka ishirini na saba, Muha wa hapohapo. Siku mbili nyuma mgeni kutoka Kigoma alitua sebuleni dumu la mawese lenye ufa, na kulipokucha sakafu nyekundu aliyokuwa akijivunia ilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sinia. Yule dada akaanza kumhoji kama daktari. Saruji ina rangi au haina? Doa limelala siku ngapi? Limemwagiwa maji? Sylvesta aliposema amelimwagia maji, tena ya moto, dada alifumba macho kama aliyepewa habari ya msiba.

Akamweleza taratibu. Achukue majivu makavu ya jikoni, ayachunge, ayarundike juu ya doa mpaka kesho, afagie, arundike mengine. Mawese yakishanywewa ndipo aje na magadi na sabuni, na asianzie katikati, aanzie pembeni akielekea ndani, kwa sababu anayeanzia katikati hulitandaza tu. Sylvesta alisikia maneno yote, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono ile inayochora doa hewani. Akauliza angempata wapi endapo doa lingekataa.

"Niko Kibondo, kwenye kituo cha misheni. Mna redio ya upepo? Saa kumi jioni inasikika vizuri. Uliza Pelagia." Akakimbilia gari la misheni lililomleta, kikapu kikimpiga pajani.

Doa lilitoka kwa siku mbili. Mtu mwenye haya zake angeshukuru moyoni, akaendelea na kazi. Sylvesta alivaa shati la kwendea kanisani, akaketi mbele ya redio saa kumi kamili, kana kwamba redio ina macho.

Ieleweke kwamba miaka hiyo simu ilikuwa ndoto kwa walio wengi, na redio ile ilikuwa ya kazi tu, maneno ya kazi tu. Ukimaliza kusema unatamka "ovaa" ili mwenzako ajibu. Tena haikuwa na siri. Ukisema Kasulu, unasikika Kibondo, na Kakonko, na Makere, na Mabamba, kila kituo kimewasha na kila mtu ana masikio. Kuuliza habari za sakafu, hata hivyo, ni kazi. Sylvesta akauliza.

Kisha zikaja zile mvua za El Nino, mwaka wa tisini na saba ukielekea tisini na nane. Barabara ya Kibondo ikakatika, malori yakazama mpaka milangoni, na wageni waliokwama Kasulu wakaleta kila aina ya uchafu. Stanislaus, mtu wa redio wa kule Kibondo, alimwita Pelagia karibu kila jioni. Matope mekundu yaache yakauke, ufagie kabla ya kuyapa maji. Nta ya mshumaa ikwangue kwa kisu butu, weka karatasi ya kaki juu, pitisha pasi. Utomvu wa ndizi hauogopi sabuni, unaogopa mafuta ya taa.

"Kasulu, hiyo sebule yenu au gereji? Ovaa," Pelagia alimtania siku moja.

"Ni sebule inayokukumbuka. Ovaa."

Mtu wa Kakonko akakohoa hewani. Mapenzi ni kikohozi, wahenga walishasema.

Jioni nyingine Pelagia alimsimulia habari za kwao. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, na mama yake alimsomesha kwa kusugua sakafu za watu. Shuleni wenzake waliyacheka magoti ya mama yake, yalivyokuwa magumu na meusi. Sylvesta akamwambia kwamba kusugua ni nguvu, lakini kujua doa gani linataka nini ni elimu, na elimu hiyo imo kichwani mwake. Kisha Pelagia akasema asante, bila utani wowote, na Sylvesta hakulala vizuri kwa furaha.

Taabu ilikuja sakafu ilipoishiwa madoa. Mvua ikapunguza, wageni wakaondoka, sebule ikang'aa hadi unaona meno yako ndani yake. Siku moja ikapita bila sababu ya kuita, ya pili ikapita. Siku ya tatu Sylvesta aliingia jikoni, akachota kikombe cha mawese, akatazama huku na huku, akakimimina sebuleni kwa mkono wake mwenyewe. Saa kumi alikuwa redioni, sauti ya huzuni, akilalamikia mgeni mzembe. Wiki mbili alifanya hivyo mara nne, kila doa na mgeni wake.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia jikoni. Mpishi wa nyumba ile alikuwa Chantal, mama mnene mchangamfu aliyekuja na wakimbizi wa Kongo mwaka uliotangulia. Alikuwa anashangaa mafuta yake yanakwenda wapi, mpaka mchana mmoja akachungulia sebuleni. Saa kumi aliingia ofisini huku Sylvesta yuko katikati ya malalamiko, akainamia kipaza sauti.

"Dada Pelagia, usimuamini huyu. Njo yeye mwenyewe anamwanga mawese chini. Miye nimemuona na macho yangu. Mafuta ya jikoni iko inaisha juu yake." Akacheka kwa roho safi, akidhani ametoa kichekesho.

Hatimaye ikasikika sauti ya Pelagia, ndogo, iliyonyooka. "Nimesikia, Kasulu. Ovaa."

Kesho yake hakuja redioni. Wala kesho kutwa. Stanislaus alijibu kwa adabu kwamba dada ana kazi, na Sylvesta alijua kwamba vituo vyote vinamsikia akikataliwa. Chantal aliona aibu, akampikia sambaza, dagaa wa kwao Kongo, kwa mawese yaliyobaki. Hakula. Aliitazama sakafu safi akaichukia.

Barabara ilipofunguka alikuwa mtu wa kwanza kupanda lori. Alifika Kibondo siku ya pili, suruali nyekundu kwa tope mpaka kiunoni. Akavua viatu mlangoni. Pelagia alikuwa amepiga magoti kwenye ukumbi mkubwa, ambako familia zilizoangukiwa na nyumba wakati wa mvua zilikuwa zimelazwa. Vitanda vya chuma vilikuwa vimeondolewa, na kila mguu ulikuwa umeacha duara la kutu.

"Nimekuja kukuomba radhi," Sylvesta alisema.

"Kwa mdomo?" Hakuinua kichwa. "Mdomo wako nimeshausikia, wilaya mbili zimeusikia." Akasukuma mbele yake bakuli la chumvi na kikapu cha malimau. "Vitanda vilikuwa arobaini. Kila kitanda kina miguu minne."

Akasugua. Limau lilimchoma vidole, magoti yalivimba, na kila alipokosea alisikia nyuma yake, "Pembeni kwanza." Hakujitetea. Siku ya pili alasiri duara la mwisho likatoka, na Pelagia akapita ukumbi mzima miguu mitupu, akikagua kwa nyayo. Kisha akaja na vikombe viwili vya uji, akakaa sakafuni karibu naye.

"Sikukasirikia mawese," akasema. "Nilikuwa naamka nawaza doa lako. Kwa nini linarudi? Nimekosea wapi? Nikamuuliza mama, mama akamuuliza mwenzake. Wanawake watatu wazima tukakaa kushauriana juu ya doa unalolimwaga mwenyewe. Ulisema ninayo elimu, halafu ukaichezea."

Sylvesta aliumia kuliko alivyoumia kwa limau. "Nilitaka kuisikia sauti yako."

"Basi ungesema unataka kuisikia. Sakafu ilikukosea nini?"

"Pale watu wote wanasikia."

"Mficha uchi hazai, kaka." Lakini pembe ya mdomo wake ilitikisika, na mkono wake ukashika kile kidole chake kilichochubuka, ukakigeuza kukiangalia. "Ukiniita tena kwa sababu ya doa, siji."

Alirudi Kasulu akiwa na magoti yanayouma na wimbo mdomoni. Jumatatu, saa kumi, shati la kanisani. Chantal alisimama mlangoni na mwiko wake.

"Kibondo, Kibondo, hapa Kasulu. Ovaa."

"Nakusoma, Kasulu," Stanislaus akajibu. "Leo una doa gani? Ovaa."

"Sina. Namwomba Pelagia. Ovaa."

Viti vilisikika vikisogezwa, na si Kibondo peke yake. Halafu akasikia pumzi anayoijua. Sylvesta akabonyeza kitufe.

"Pelagia, sakafu ya sebuleni haina doa. Nimekuita kwa kuwa nakupenda, wala sina sababu nyingine. Nataka wazee wangu waje kwenu kukuposa, na ukikataa, wote wanaonisikia wajue kwamba nilisema. Ovaa."

Redio ikavuma. Ikavuma mpaka Chantal akashika msalaba wa shingoni.

"Ego," Pelagia akasema, kwa lugha ya mama yake, na Muha hahitaji kutafsiriwa neno hilo la kukubali. "Ego, Sylvesta. Ovaa."

Kakonko wakasema wamesikia. Makere wakauliza tarehe. Mtu wa Mabamba akaanza kuimba akasahau kuachia kitufe. Chantal akakinyakua kipaza sauti akatangaza kwamba mawese ya harusi yatoke Kibondo, ya kwake yalishamalizika. Walipotulia, sauti ya Pelagia ikarudi, na safari hii ilikuwa inacheka.

"Wazee waje Jumapili. Mama anasema wavue viatu mlangoni. Ovaa."