Asilimia Tisini na Sita

Elinaja alifungua laptop, akaacha kutafuna.

Asilimia tisini na sita.

Namba ya betri ilikaa kwenye kona ya kioo, pale alipoiweka mwenyewe, kubwa na ya kijani, aione bila kuitafuta. Lakini betri ya Dell hii ilishachoka. Miezi minane haikuwahi kuvuka sitini na moja, hata ichajiwe kutwa nzima.

Leo imepona? Imeponywa na nini?

Alikuwa ughaibuni, mtaa wa Queensbury, kwa Maureen, nesi Mkenya ambaye nyumba yake idara ya kina Elinaja iliitumia kupumzishia majasusi. Kwa Maureen mgeni hakatai chapati, wala hakatai kuchajiwa vitu vyake.

"Wacha nikuwekee hii kwa charge ukikula," alikuwa amesema, huku ameshainyakua laptop na kuipeleka chumbani.

Kisha Justin, mwenzake wa kazi kutoka Dodoma, aliingia chumba hicho hicho "kumpigia mke wangu." Alikaa dakika ishirini. Justin huyu huyu anayelalamika kila siku kwamba mkewe hapokei simu!

Betri mpya haijipachiki. Mtu kafungua skrubu, katoa ile mbovu, katia nyingine yenye kinasa cha kusoma kila herufi atakayoandika na kuituma kwa waliokitega.

Elinaja aliogopa, wala hakujidanganya kwamba haogopi. Saa tisa alasiri Fanuel, karani wa ghala la wasafirishaji wa insulini bandia, angemngoja kituo cha Stanmore akiwa na namba ya kontena linalokwenda Dar es Salaam. Mahali hapo alipajua Elinaja peke yake. Wasafirishaji hao wakipajua, Fanuel haioni jioni.

Alijifungia msalani, akampigia mkuu wake, Placida.

"Nina kupe mgongoni."

"Nani?"

"Namshuku Justin. Sina hakika. Niwekee polisi kwenye mkahawa unaotazamana na stesheni ya Harrow."

"Fanuel yuko Harrow?"

"Hayupo."

Placida aliuelewa mtego. "Nipe dakika ishirini."

Kwenye gari lao, Corsa, Justin akiwa usukanini, Elinaja aliweka laptop mapajani, kioo kikiwa upande wake. Akaandika: *Tumehamia Harrow. Mkahawa mbele ya stesheni. Saa tisa.*

Simu ya Justin ililia mlio mmoja. Aliichungulia chini ya usukani.

"Haya, twende," alisema Elinaja. Hakusema wapi.

Justin hakuuliza. Mtu ambaye huuliza njia hata ya kwenda kununua maziwa!

Kwenye kipilefti alikunja kushoto. Kibao kilisema Harrow.

"Simamisha gari."

"Kuna nini, dada Eli?"

"Sijakwambia tunakwenda wapi."

Mikono ya Justin ilikakamaa kwenye usukani. Bastola ya Elinaja, Walther, ilikuwa tayari imemgusa ubavu.

"Dada, nina watoto."

"Fanuel naye anao."

Alimfunga mikono kwenye usukani kwa kamba ya plastiki, akachukua funguo na simu zake. Roho ilimuuma, walikuwa wamekula sahani moja muda si mrefu uliopita. Alimlinda hadi gari la polisi lilipofika.

Simu ikatetemeka.

"Watatu wamenaswa mkahawani," alisema Placida. "Mmoja kaficha bastola chini ya gazeti."

Elinaja alirudi kwa miguu stesheni ya Queensbury, akapanda treni. Vituo viwili tu. Stanmore, Fanuel alikuwa ameketi kwenye benchi, amekumbatia mfuko wa Tesco.

"Umefuatwa?" aliuliza Fanuel.

"Leo sijafuatwa."

Fanuel alimpa karatasi. Elinaja alimsomea Placida namba ya kontena, akangoja. Dakika sita zilikuwa ndefu.

"Limezuiwa bandarini," alisema Placida.

Fanuel alifunika uso, akalia kama mtoto. Elinaja alimwacha alie mpaka akatosheka, akamkabidhi kwa askari aliyetumwa na Placida kumlinda.

Simu ikaita tena. Maureen.

"Wewe! Umesahau charger yako kwa ukuta!"

"Niwekee, dada Maureen. Halafu chungulia uvunguni mwa kitanda, pale ulipoichaji laptop. Kuna betri kuukuu?"

Kitanda kilisikika kikisukumwa. "Iko hapa! Hii kitu imezeeka, nitupe?"

"Usithubutu. Hiyo haijawahi kunidanganya."

Akafunga zipu ya koti na kupanda ngazi kuelekea barabarani.