Mbegu ya Pilipili ya Mama

Jua lilikuwa linazama Kitinda alipotoka duka la pembejeo mikono mitupu, kwa mara nyingine tena. Muuzaji alikuwa amemmwagia mezani paketi za mbegu zenye picha za pilipili nyekundu zilizong'aa kama kucha za bibi harusi.

"Ya mama yangu ilikuwa ya njano," Kitinda alimwambia. "Ncha imepinda."

"Dada yangu, pilipili ni pilipili. Si zote zinawasha?"

Angejua! Pilipili ile ndiyo iliyowasomesha mabinti wawili. Mama aliisaga, akaitia kwenye chupa, na wateja waliitambua kwa harufu kabla hawajaionja. Mbegu hakumgawia mtu. Kila msimu aliacha pilipili moja ikaukie mtini, kisha akaipanda nyuma ya jiko. Alipofariki, nyumba aliachiwa Kitinda, mtoto wake wa mwisho, aliyemuuguza. Dada mkubwa akaingia jikoni. Alichemsha sufuria ya maji akaimwagia mizizi ya mipilipili yote, waombolezaji wakiwa bado sebuleni.

"Basi tukose wote," alisema.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kitinda alibaki na makreti ya chupa tupu, na kinyongo alichokilisha vizuri kuliko alivyojilisha mwenyewe.

Jioni hiyo alikata njia ya mkato, nyuma ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa. Harufu ikamsimamisha.

Pilipili ya Mama.

Mwanamke alikuwa ameketi chini, amejifunika shuka mpaka kwenye paji la uso. Mbele yake kulikuwa na makopo ya miche. Kopo moja lilikuwa na mpilipili mkubwa uliozaa, na matunda yake yalikuwa ya njano, ncha zimepinda.

"Shikamoo, mama."

Yule mwanamke hakuitikia marahaba. Alichuma pilipili moja, akaipasua kwa ukucha, akazikamulia mbegu kiganjani. Halafu, kwa vidole vilevile vilivyolowa... akajifuta macho.

Taratibu. Mpaka ndani.

Hakupepesa hata kope.

Kitinda alirudi nyuma hatua moja. Nyumbani kwao, aliyeshika pilipili alinawa kwa mafuta kwanza, sabuni baadaye, na macho hakuyagusa mpaka kesho yake. Utotoni aliwahi kusahau. Dada ndiye aliyembeba mbio mpaka bombani, akamwosha, akampuliza macho huku naye analia.

"Haikuwashi?" alinong'ona.

"Ukali wangu nilishauhamisha. Lazima ukae kwa mtu." Sauti ilikuwa kavu. "Nani aliyemwaga maji ya moto?"

Kitinda hakuwa amesema lolote kuhusu maji.

Angeweza kukimbia. Angeweza kusema hajui. Lakini kinyongo kilikuwa kimekaa kooni siku nyingi, kikisubiri mtu wa kukiuliza. Akalitaja jina la dada yake, lote, na la baba yao juu yake.

Mwanamke akafumba kiganja, akakifumbua, akampa mbegu.

"Nenda kapande."

Zilichipua haraka mno. Majirani walisema mkono wake una baraka, na yeye akakubali kusifiwa. Mwezi haukuisha pilipili zikawa za njano, naye akawa anasaga kila jioni. Wateja walirudi wakilia na kucheka kwa ukali wake. Jambo moja tu lilimshangaza, kwamba yeye mwenyewe hakukohoa tena wala mikono haikumchoma. Akadhani ni mazoea.

Jioni moja, akiwa katikati ya kusaga, mlango uligongwa.

Alikuwa Dada. Amekuja akipapasa ukuta, macho yamevimba mpaka yamefunga.

"Hospitali hawaoni kitu," alisema. "Jioni ikifika tu, yanawaka... Mdogo wangu, nilimwaga yale maji kwa wivu. Nisamehe. Nipulize, kama nilivyokuwa nakupuliza wewe."

Kitinda alimkalisha, akatoka mbio mpaka nyuma ya ukuta wa kiwanda. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama za makopo kwenye vumbi, na ile harufu.

Akarudi, akabandika sufuria ile ile jikoni. Maji yalipochemka akaimwagia mipilipili yake mwenyewe, shina kwa shina, akilia kwa uchungu. Majani yakalala. Yakageuka meusi. Chupa zilizojaa akazimwaga shimoni, na pilipili zilizobaki kwenye kinu akazizoa kwa mikono, akazitupa humo humo.

"Yamepoa?" aliuliza alipoingia.

"Kidogo," Dada alisema. "Naona yanapoa."

Kitinda aliketi kando yake, akampuliza jicho moja, kisha la pili. Mioyo ikalegea. Walilia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, wakamtaja Mama, wakacheka hata namna alivyokuwa akiwafukuza jikoni. Machozi yakamzidi Kitinda. Bila kufikiri, akajifuta macho kwa mikono iliyotoka kwenye kinu.

Akaganda. Akafumba macho, akasubiri moto.

Haukuja. Hata kidogo.

Ubavuni mwake, Dada akapiga yowe.