Usukani wa Kiti cha Nyuma

Risasi zilipasua kioo cha mbele wakiwa juu ya mbuga ya Katavi, mwaka 1996.

Kija Mwandu, jasusi aliyekaa kiti cha nyuma cha ndege ya kivita FT-5, aliona kofia ya rubani ikilala upande.

"Afande Gaspar?"

"Nimepigwa. Shika usukani wako."

"Mimi si rubani."

"Najua."

Kija aliitupa Nikon yake miguuni. Alikuwa amepanda kupiga picha tu. Chini yao, Antonov, ndege ya mizigo ya walanguzi, ilikuwa ikielekea Mishamo na shehena ya bunduki. Kundi lililozisubiri huko lilipanga kuwashambulia wakimbizi jioni ile ile. Mlangoni mwa Antonov, mtu mwenye kilemba alikuwa akibadilisha magazini ya bunduki yake.

Ndege ikaanza kuinama.

"Vuta taratibu," Kapteni Gaspar alisema kwa shida. "Usiukabe."

Kija akavuta. Pua ikanyanyuka.

"Mpanda, hapa Twiga. Rubani amejeruhiwa. Naendesha mimi."

Sajenti Skolastika alijibu redioni kutoka uwanja wa ndege wa Mpanda.

"Twiga, mafuta?"

"Mshale uko kwenye nyekundu."

"Basi vuta mpini wa kiti. Ruka na parachuti."

"Nikiruka, Kapteni anabaki."

"Kija, huwezi kuitua hiyo ndege."

"Nimekusikia."

Kifyatulio cha mzinga kilikuwa mbele, kwa mtu aliyekuwa akivuja damu. Kija hakuwa na silaha nyingine zaidi ya ndege yenyewe.

"Afande, nikimkatia mbele ya pua?"

"Upepo wetu utamwangusha," Gaspar alisema. "Au tutagongana."

"Haya."

Akasukuma mpini wa mafuta mpaka mwisho. Antonov ikakua, ikajaa kioo chote. Risasi zikagonga bawa.

Akapita.

Nyuma yake Antonov ilipigwa na upepo wa injini, ikayumba, ikaporomoka kwenye nyasi za Katisunga na kukatika bawa. Magari ya jeshi yaliyokuwa yakiifuata kutoka Sitalike yakaizingira.

"Wameshuka, afande."

"Sasa nyumbani," Gaspar alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ukiona mabati ya Ilembo, karibu na uwanja, shusha magurudumu."

Mabati yakaonekana. Kija akavuta mpini wa magurudumu. Hakuna kilichoshuka.

"Yamegoma, afande. Nifanyeje?"

Akavuta mpini tena.

"Afande, nifanyeje?"

Injini ikakohoa, ikazima. Kija akailaza ndege kwa tumbo kwenye uwanja wa changarawe. Ilisota, ikapoteza bawa moja, ikasimama kando ya uzio.

Daktari alikwea mpaka kiti cha mbele. Akagusa shingo ya Gaspar, akatikisa kichwa.

"Amekufa kitambo. Mlikuwa bado hewani."

Skolastika alimsaidia Kija kushuka.

"Walanguzi wamekamatwa wote na bunduki zao," alisema. "Mishamo hawajui hata nini kilikuwa kinakuja."

"Bora wasijue."

"Ungeruka, Kija. Ulikuwa umebeba maiti."

"Nilikuwa bado naongea naye."

Skolastika alitazama chini. "Mkewe, Tereza, yuko hapo Shanwe. Sijui tumtume nani."

Kija alijifuta damu ya mikwaruzo mikononi. Akawasha sigara ya Sportsman, akavuta mara moja, akalipisha gari la wagonjwa lililokuwa likiingia bila haraka.

Kisha akashika njia ya Shanwe kwa miguu.